Chupa, chumvi na butala: kazi za mikono za nyumbani kisha mvua kuisha

Wandugu wa masomo, mnakumbuka lile somo la majira manne kwenye shule ya msingi? Mwalimu alichora mti kwenye ubao, akatuomba na sisi tuchore majani yanayoanguka. "Hii ni automne," alisema, na wote tukapaka majani rangi ya kahawia. Inje ya dirisha, mwembe wa shule ulikuwa kijani tu. Hakuna mtoto aliyeuliza kitu.

Mimi swali lilinijia miaka mingi kisha pale, wakati nilikuwa tayari na lisansi ya agronomia mkononi. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini ya ikweta. Ukifuata kalenda ya nchi za kusini, automne yetu inaangukia kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Ni kweli, miti yetu haiangushi majani wakati ule. Miti ya miombo inayaangusha baadaye, mwisho wa kipwa, kisha inatoa majani mapya mekundu hata kabla mvua kunyesha. Lakini majani ni pambo tu. Kwa mkulima, automne ni wakati mavuno yanaingia, baridi inakaribia, na kazi inatoka shambani inahamia nyumbani. Hiyo tuko nayo, tena sana: mwezi wa tano, wa sita na wa saba. Ni wakati wa kusuka, kushona, kujenga, kukaa pamoja kwenye mkeka na kutoa punje za mahindi.

Leo nataka kueleza kazi hizo za mikono zinafanya nini kwa kweli. Sisi wenye diploma tunaziona kama kitu cha kupitisha wakati. Mimi niliziona hivyo, na dada yangu mdogo njo alilipa.

Mwaka nilijifanya mwenye akili

Nyumbani tuko na shamba kwenye barabara ya Kipushi, siyo kubwa. Tunapanda mahindi mwezi wa kumi na moja, mvua ikishika, na tunavuna mwezi wa tano. Mwaka ule nilikuwa nimetoka tu kupata diploma. Mama alikuwa na mpango wake wa kila mwaka: kujenga butala, yaani ghala ya miti yenye kusimama juu ya miguu, kuweka mahindi ndani bila kutoa punje, kisha kuyatoa pole pole jioni. Kujenga butala kunaomba siku tatu nzima: kukata miti, kusuka matete, kuezeka nyasi. Niliona ni kupoteza wakati.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni mambo ya wazee. Tutoe punje sasa, tutie mu mifuko, tuweke ndani ya nyumba. Hata wezi hawatafika."

Mama akachukua punje moja, akaiuma, akaitema. "Hii haiyakauka. Jino linaingia."

"Mama, ile nimeisoma."

Akaniangalia. "Sawa, Enjenia. Ni weye unayejua."

Wale wenye kuwa na mama wa huku wanajua sentensi ile inabeba nini.

Tulipata mifuko 11. Niliipanga muzuri sana kwenye chumba cha nyuma: juu ya simenti, yenye kuegemea ukuta, na juu yake plastiki kubwa nyeusi juu ya vumbi. Nilikuwa na furaha. Mwezi wa tisa, Mama alienda kuchota mahindi ya kupeleka ku mashini. Alirudi bila kitu, akasimama mlangoni. "Kuja uone kazi yako."

Chumba kilikuwa kinanuka kama nguo zenye kulala na maji. Nilitia mkono ndani ya mfuko wa chini, ukapata joto, kama unagusa mtu mwenye homa. Mifuko miwili ya upande wa ukuta ilikuwa na ukungu wa kijani. Mingine miwili ilikuwa imegeuka nusu unga, punje zenye matundu, na vidudu vyeusi vyenye pua ndefu vinatembea kama soko la siku ya mwisho wa mwezi. Minne kati ya 11.

Ile mifuko minne haikuwa ya kula. Ilikuwa ile Mama anauza mwanzo wa mwaka, wakati bei imepanda, ili alipe masomo ya segondari ya dada yangu. Mwaka ule, mwezi wa pili, alirudishwa nyumbani juu ya feza. Alikaa wiki tano akiosha vyombo na kusoma madaftari ya rafiki yake. Hakunilaumu. Ni vile vilinisumbua zaidi.

Nini ilipita ndani ya mifuko

Sasa nieleze, juu hapa ndipo masomo yangu yalianza kufanya kazi, hata kama yalichelewa.

Muhindi ukikomaa shambani, punje ingali na maji mengi, karibu 30 kwa 100 ya uzito wake. Ili ikae miezi mingi ndani ya mfuko bila kuharibika, inafaa ishuke karibu 13. Kati ya namba hizo mbili ndipo iko kazi yote ya kipwa. Punje ya 18 ao 20 inaonekana kavu. Ukiipiga inalia kidogo, ukiishika haikulowanishi. Lakini punje ni mbegu, ni kitu chenye uhai: inapumua. Ikiwa na maji mengi inapumua nguvu, inatoa joto na unyevu, na unyevu ule unalisha ukungu. Njo maana mkono wangu ulipata homa ndani ya mfuko.

Kosa la pili lilikuwa simenti. Simenti inavuta unyevu wa udongo na kuupandisha. Mfuko unaolala chini juu yake unakunywa kila siku, na ule wenye kuegemea ukuta vile vile.

Kosa la tatu ni ile plastiki niliyoona ni akili. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba, mchana kuko jua lakini usiku baridi inakata. Mchana, mahindi yanapata joto na kutoa mvuke. Usiku, mvuke ule unakuta plastiki ya baridi, unageuka maji, unarudi juu ya mifuko. Nilikuwa nimejenga mashini ya kunyeshea mahindi yangu.

Na vidudu? Vile vyeusi, ambavyo wanasayansi wanaita Sitophilus zeamais, havikuzaliwa ndani ya nyumba. Vilitoka shambani pamoja na mahindi. Jike anatoboa punje, anataga yai ndani, kisha anafunika tundu. Mtoto wake anakula punje toka ndani, na kisha wiki tano hivi, kama joto iko, anatoka akiwa mkubwa. Ni kusema ukiona matundu, umechelewa. Baridi ya mwezi wa saba inavipunguzia mwendo, na unafikiri mambo ni muzuri. Joto la mwezi wa tisa likifika, vyote vinaamka pamoja.

Siku nilikataa chakula

Kuko kitu kimoja diploma ilisaidia siku ile, na nakisema bila majivuno.

Mama alitaka kuosha yale mahindi ya ukungu, kuyaanika, kuyasaga. Familia nyingi zinafanya hivyo. Usimcheke mtu anayefanya hivyo: mifuko miwili ya mahindi iko mbele yako, na watoto wako nyuma yako.

Nilimwambia hapana. Ukungu wa aina ya Aspergillus flavus unaweza kuacha ndani ya punje sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu ile inapiga maini. Maji hayaitoi, na moto wa bukari hauiui. Unaweza kufuta rangi ya kijani na sumu ikabaki. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa juu ya mahindi ya namna hiyo, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe, yenye kuwekwa nyumbani na unyevu. Ukiila kidogo kidogo hutakufa kesho, lakini maini yanabeba mzigo miaka na miaka. Wala usiwape kuku: nao inawaua.

Tulibishana mpaka usiku. Baba njo alimaliza neno: "Kama mtoto anasema ni sumu, na yeye ndiye aliyeiharibu, hana faida ya kudanganya." Kesho yake tulichimba shimo tukafukia mifuko miwili. Ile miwili ya vidudu tuliipepeta, tukachekecha, tukapata kidogo cha kula haraka, na vumbi likaenda kwa kuku.

Mama alikaa chini pembeni ya shimo. Akasema, "Mwaka kesho tutafanya kwa akili zangu na zako."

Butala inafanya kazi gani

Mwezi wa tano uliofuata tukaanza na miti. Nilikuwa fundi-msaidizi, siyo Enjenia.

Baba alikata miti minne ya miguu. Mjomba alisuka kuta na matete, akiacha nafasi kati ya tete na tete. Nilipomuuliza mbona hafungi muzuri, alicheka: "Upepo utapitia wapi?" Pale nikaelewa. Muhindi wenye punje zingali kwenye gunzi lake unaacha nafasi za hewa kati yake na mwenzake. Upepo mkavu wa kipwa unaingia upande mmoja, unatoka upande mwingine, na unabeba maji. Punje zenye kutolewa zinajibana ndani ya mfuko, upepo haupiti. Njo maana unaweza kutia mu butala mahindi yenye maji mengi, na yatakauka humo humo. Lakini butala isiwe pana sana: yetu ilikuwa chini ya metre moja toka ukuta mpaka ukuta. Ikipita hapo, ya katikati inabaki mbichi. Mjomba hakupima na kitu. Alinyoosha mkono wake ndani. Kama vidole vyake havifikii katikati, ni pana mno.

Wadogo zangu walikata makopo ya zamani, wakayakunja kama kofia, tukayafunga kwenye miguu ya butala, karibu metre moja juu ya udongo, mdomo ukiangalia chini. Panya akipanda anafika chini ya kofia, hana pa kushika, anarudi. Mabaki ya waya yaligeuka magari ya kuchezea, na mabaki ya makopo yakawa magurudumu. Kwa siku mbili uwanja wetu ulikuwa na msongamano wa magari kuliko mjini.

Dada yangu alishona mifuko ya zamani, moja kwa ingine, mpaka ikawa shuka kubwa la kuanikia. Mahindi yenye kuanikwa juu ya udongo yanachukua unyevu, mchanga, na ule ukungu, juu makao yake ni udongo. Shuka lile tulitumia kila kitu kikavu: mahindi, karanga, majani ya sombe.

Na mbegu? Mama alichagua mihindi mikubwa, akafunga maganda yake mawili mawili, akayatundika juu ya moto wa jikoni. Moshi unakausha na unafukuza vidudu. Maharagi ya kupanda aliyachanganya na majivu yenye kuchekechwa. Nilikuwa nimesikia sababu mu fakilte bila kuiona kwa macho: majivu yanajaza nafasi kati ya punje, kidudu hakipati njia ya kutembea, na yanakwaruza mafuta ya ngozi yake mpaka kinapoteza maji, kinakauka. Mama hakusoma hiyo. Alisema tu, "Majivu yanawanyima usingizi."

Chupa na chumvi

Sasa mchango wangu. Jino la Mama ni chombo cha kweli, lakini lina miaka 30 ya mazoezi, na mimi sina. Kwa sisi wengine kuko namna ya chupa, haiombi mashini:

1. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, safi na kavu kabisa, ambayo unaona ndani.
2. Chukua chumvi ya kawaida. Ianike juani ao uipashe kwenye sufuria mpaka iwe kavu kabisa, kisha uiache ipoe.
3. Tia punje za mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Zitoe pahali mbalimbali, siyo juu tu.
4. Ongeza vijiko viwili ao vitatu vya chumvi. Funga, tikisa dakika moja nzima.
5. Acha chupa itulie dakika 15, kisha angalia kioo.

Kama chumvi imegandama kwenye kioo, punje zina maji zaidi ya 15 kwa 100: rudisha juani. Kama chumvi inaanguka chini na kioo kinabaki safi, mmeshuka chini ya 15. Lakini usikimbilie kufunga. Kwa kuweka muda mrefu, anika tena siku moja ao mbili za jua muzuri, ili ukaribie 13.

Siku ya kwanza kupima, Mama aliuma punje, akasema, "Ingali." Chupa ikasema ingali. Kisha siku nne akauma, akasema, "Sasa." Chumvi ikaanguka chini. Aliangalia chupa, akaniangalia, akasema, "Basi chupa yako nayo iko na meno."

Bido

Butala inakausha, lakini haiui vidudu. Kwa hiyo, kabla joto la mwezi wa tisa, tulitoa punje na kuzifunga ndani ya bido za litre 20, zile za mafuta ya kula, zenye kuoshwa na kukaushwa siku nyingi. Usitumie hata siku moja bido iliyobeba mazuti ao dawa za shamba.

Bido inaua vidudu bila dawa. Vyenyewe vinapumua. Ukijaza bido mpaka mdomoni, ukiitikisa ili punje zishuke, ukiongeza tena, ukitia kipande cha plastiki chini ya kifuniko na kukaza, hewa inayobaki ni kidogo. Vidudu vinaimaliza, vinaacha kula, kisha vinakufa. Ukiacha bido nusu, umeviachia hewa ya kuishi. Ukifungua kila wiki kuangalia, unavipelekea ingine. Na ukifunga mahindi yenye unyevu, yataoza. Kwanza chupa, kisha bido.

Ni akili ile ile ya mifuko yenye plastiki ndani, inayoitwa PICS. Ilitoka kwa kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa Kameruni, mwisho wa miaka ya 1980, juu ya kunde. Kama unapata mifuko ile, nunua. Sisi tulikuwa na bido.

Tulijaza 12. Bido moja inachukua karibu kilo 14 za mahindi, ni kusema karibu kilo 170. Hiyo ilikuwa ya masomo, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mengine tulikula na kuuza kwanza.

Mkeka wa jioni

Kutoa punje tulifanya wiki mbili, jioni, mbabula katikati, kwenye uwanja. (Mbabula ibaki inje, hata kama baridi inauma. Moshi usioonekana wa makala unaua watu wenye kulala na milango ya kufungwa.) Magunzi makavu yalikuwa moto wetu, makala tulichunga. Vidole vilitoka malengelenge. Baba alisimulia habari za wakati alikuwa kijana, zingine tulisikia mara kumi. Mimi nilisikia mambo ya shamba letu ambayo sikuwahi kuuliza: wapi maji yanasimama, wapi mahindi yanaiva mbele, mwaka gani njaa ilipita. Darasani tulijifunza kumhoji mkulima na karatasi ya maswali. Mkulima wangu nilikaa naye nyumba moja miaka 25 bila kumuuliza swali hata moja.

Jioni moja dada yangu alijaza mikono miwili na punje, akaziangalia kwenye mwanga wa moto. "Yaya, hii ni ya mwezi gani?"

Sikuelewa. "Mwezi gani wa nini?"

"Wa masomo yangu. Mwezi wa kwanza, ao wa pili?"

Nikamwambia tutie kwenye bido ya mwezi wa pili. Akamimina pole pole, bila kuangusha hata moja, na mimi nikakaza kifuniko.

Mwezi wa pili ulipofika, tulifungua. Chumba hakikunuka kitu. Punje zilikuwa baridi, na vile vidudu vichache vyenye kuingia viko chini ya bido, vimekufa. Mama aliuza. Dada yangu hakurudishwa nyumbani.

Wenzangu wa masomo, wengi wetu tunangoja kazi yenye ofisi. Mimi pia ningali nangoja, sidanganyi. Lakini kati ya shamba na chungu kuko miezi sita, na ndani ya miezi ile chakula cha familia zetu kinapotea, huku mwenye lisansi ameketi kwenye kiti anaangalia simu. Mwezi wa tano ukifika, tafuta chupa na chumvi. Kisha kaa kwenye mkeka, uulize mama yako anaumaje punje.